Pingili na Minyororo: Kufundisha Plastiki na Mpira katika Shule ya Msingi

Mwalimu-mwanafunzi anayepangiwa habari za plastiki wakati wa mazoezi ya kufundisha aghalabu huanza kwa kuandika sifa ubaoni: plastiki ni nyepesi, haipitishi maji, haipitishi umeme, haiozi upesi. Wanafunzi hunakili, na siku ya jaribio huzirudisha sifa hizo kama walivyopewa. Zenyewe ni za kweli, wala hatuna ugomvi nazo. Lakini mtoto aliyezikariri hana la kujibu mwenzake amwulizapo kwa nini ndoo iliyosogezwa karibu na jiko hupinda, hali mpini mweusi wa kikaango hukaa juu ya jiko hilo hilo kila siku bila kuyeyuka. Vyote viwili ameambiwa ni plastiki. Hapo orodha ya sifa imemwishia.

Katika makala haya tunapendekeza kuanza na umbo la ndani la vitu hivi, yaani minyororo ya molekuli, na kuziacha sifa zitokee zenyewe. Tunayo sababu ya pili pia, nayo si ndogo. Katika nyumba nyingi watoto tunaowafundisha ndio wanaotumwa kuwasha jiko la mkaa, na wengi huliwasha kwa kipande cha plastiki. Katazo la mwalimu peke yake halishindi haja ya moto. Mtoto anayejua ni kitu gani kinachokatikakatika na kuwa moshi ana nafasi bora ya kujihadhari.

Yampasayo mwalimu kuyajua

Polima ni kitu ambacho molekuli zake ni ndefu mno, na kila molekuli imejengwa kwa sehemu ndogo zilizounganishwa moja baada ya nyingine, mfano wa pingili za muwa. Pingili ya polithini, ile plastiki ya viriba vya miche, ina atomi 2 za kaboni na 4 za haidrojeni, na mnyororo mmoja huweza kuwa na maelfu ya pingili hizo. Mpira wa asili, utokanao na utomvu wa mti upandwao Muheza na Kilombero, una pingili yenye kaboni 5 na haidrojeni 8. Pamba, katani na karatasi ni minyororo ya pingili za glukosi. Wanga wa mahindi nao ni minyororo ya glukosi, ila pingili zake zimeunganishwa kwa namna nyingine. Kwa hiyo tumbo la mwanadamu huweza kuukata wanga pingili kwa pingili, lakini halina kimeng'enya cha kuikata pamba. Ugali na kanga ya pamba, basi, ni jamaa moja. Wanafunzi hufurahia kusikia hivyo, na mwalimu asiwanyime.

Wazo hili la minyororo halikukubaliwa kwa urahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanakemia wengi walishikilia kwamba mpira na pamba ni mikusanyiko ya molekuli ndogo zilizogandamana tu. Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika mwaka 1920 kwamba hizo ni molekuli ndefu zilizoungana kwelikweli, alipingwa kwa miaka mingi, akaja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1953. Twalitaja jambo hili ili mwalimu asikate tamaa darasa la sita linapochelewa kulikubali wazo ambalo wataalamu wenyewe walilikataa.

Ngazi ya vitu vya nyumbani

Hatujaona njia nyepesi ya kuingia katika mada hii kuliko vitu vinne ambavyo mtoto anavijua: gesi ya kupikia, mafuta ya taa, mshumaa na kiriba cha miche. Vyote vinne ni kaboni na haidrojeni. Gesi ya kupikia ina molekuli zenye kaboni 3 au 4 tu. Molekuli za mafuta ya taa zina kaboni kati ya 10 na 16 hivi. Nta ya parafini, ambayo ndiyo ya mishumaa ya dukani, ina minyororo ya kaboni kama 20 hadi 40. Polithini ina maelfu.

Mwalimu achore mistari minne ubaoni, kila mmoja mrefu kuliko uliotangulia, na wa mwisho auache ukimbie mpaka ukingoni mwa ubao na kuendelea ukutani kwa kidole. Kisha aulize: kipi kati ya hivi ni gesi, kipi ni kimiminika, kipi kigumu kinachovunjika, kipi kigumu kisichovunjika? Gesi na mafuta ya taa visiletwe darasani, yatosha kuvitaja. Mshumaa na kiriba viletwe. Mtoto mmoja aukunje mshumaa mwembamba mpaka uvunjike, mwingine akunje kipande cha kiriba atakavyo. Pingili ni zile zile; kilichobadilika ni urefu.

Kwa nini urefu ulete tofauti kubwa hivyo? Molekuli mbili zilizo karibu huvutana kidogo mno. Zikiwa fupi, mtikisiko wa joto la kawaida huzitenganisha upesi, nazo hupaa kama gesi. Zikiwa ndefu zaidi, mvutano ule mdogo hujirudia mahali pengi kandokando ya mnyororo, na jumla yake ni kubwa. Zikiwa ndefu sana huongezeka jambo jingine: hutatizana. Minyororo ya nta ni mifupi mno kuweza kutatizana barabara, ndiyo maana mshumaa huvunjika.

Kutatizana huko kunaonyeshwa kwa uzi wa kushonea. Chukua bakuli mbili. Katika ya kwanza weka uzi uliokatwa vipande vya sentimeta 2. Katika ya pili weka uzi wa kiasi hicho hicho uliokatwa vipande vya mita 1, ukavurugwa kama tambi. Mtoto ashike kwa vidole viwili na kuvuta. Kutoka bakuli ya kwanza atapata vipande vichache. Kutoka ya pili huenda akainua fungu zima. Hatuhitaji maabara kwa jambo hili. Twahitaji kuwaachia watoto muda wa kuvuta wenyewe, badala ya kuvuta mwalimu huku darasa likitazama.

Tahadhari moja juu ya zana hii: uzi umelala bakulini, lakini molekuli hazilali kamwe. Mwalimu asiposema hivyo, mtoto ataondoka akidhani kwamba ndani ya plastiki kumetulia kama ndani ya kabati. Aitikise bakuli huku akieleza kwamba kuongeza joto ni kuongeza mtikisiko huo.

Kupinda na kutopinda

Sasa swali la ndoo na mpini wa kikaango linajibika. Ndoo ni minyororo iliyotatizana bila kufungwa. Joto likizidi, minyororo huteleza mmoja juu ya mwingine, na ndoo hulegea; ikipoa, hushikamana tena katika umbo jipya. Plastiki za aina hii huweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya, nazo ndizo nyingi. Mpini mweusi wa kikaango ni wa jamii ya bakelaiti, iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Marekani. Humo minyororo imefungwa kwa mafundo mengi kila upande, hata mpini mzima waweza kuhesabiwa kuwa wavu mmoja. Hakuna kinachoweza kuteleza. Joto likipita kiasi mpini huungua, lakini hauyeyuki.

Mfano wa jikoni hutosha: samli huganda na kuyeyuka mara nyingi upendavyo, bali yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi. Mwanafunzi aulizwe ndoo ifananishwe na kipi.

Baina ya viwili hivi upo mpira. Utomvu uliokaushwa bila kutiwa kitu hunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi. Makoti ya mpira yaliyouzwa Marekani katika miaka ya 1830 yaliharibika kwa sababu hiyo. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliopashwa moto pamoja na salfa huacha kunata na hubaki ukinyumbuka. Salfa hufunga mafundo machache baina ya minyororo. Sehemu 1 hadi 3 za salfa kwa kila sehemu 100 za mpira hutoa mpira laini wa kuvutika; sehemu 30 na zaidi hutoa eboniti, kitu kigumu mfano wa mti mweusi. Vilivyotumika ni vile vile viwili, na tofauti ni wingi wa mafundo. Katika bakuli ya uzi mrefu mwalimu aweza kufunga mafundo matano, watoto wavute. Kisha afunge hamsini, wavute tena.

Mpira mdomoni

Jaribio tunalolipenda kuliko yote halina gharama. Kila mtoto apewe rababendi, ule mpira mwembamba wa kufungia fedha, uliooshwa. Auguse mdomo wa juu na kuhisi. Kisha auvute kwa ghafla mpaka karibu na mwisho wake na kuugusisha mdomoni papo hapo: una joto. Auache uvutike hivyo kwa nusu dakika ili upoe, halafu aurudishe kwa ghafla na kuugusisha tena: una ubaridi. Mwingereza John Gough alilieleza jambo hili mwaka 1805. Alikuwa kipofu tangu utotoni kwa sababu ya ndui, na chombo chake cha kupimia joto kilikuwa midomo yake. Mwalimu mwenye mtoto asiyeona darasani mwake ana jaribio la sayansi ambalo mtoto huyo hafanyiwi na mwingine.

Jaribio la pili ni la mwalimu, watoto wakikaa mbali kidogo. Ning'iniza jiwe kwenye rababendi, la uzito wa kutosha kuuvuta mpira hadi kiasi cha mara mbili ya urefu wake. Simamisha rula kando na kuweka alama mahali jiwe lilipo. Waulize wanafunzi kabla ya kutenda: nikiumwagia mpira maji ya moto, jiwe litashuka au litapanda? Wengi watasema litashuka, kwa kuwa wamefundishwa kwamba vitu hutanuka vikipata joto. Mimina polepole. Jiwe hupanda, milimita chache lakini za kuonekana. Ukitumia jiwe jepesi mno, lisilouvuta mpira ipasavyo, hutaona kitu. Basi lijaribu nyumbani kwanza.

Maelezo yake yafuate hapo hapo, kabla mshangao haujapoa. Mnyororo wa mpira usiovutwa umejikunjakunja ovyo kwa sababu ya mtikisiko wake. Tukivuta, tunaunyoosha. Mtikisiko hauachi kuukunja tena, na huko kukunja ndiko tunakokuhisi mkononi kama mpira unaorudi. Ongeza joto, mtikisiko huzidi, na mpira huvuta kwa nguvu zaidi, jiwe hupanda. Mtoto aelewe kwamba pingili hazivutiki kama mpira. Wengi husema kwamba molekuli za mpira nazo ni laini na zanyumbuka, kana kwamba kila molekuli ni mpira mdogo. Fikra hiyo isipopingwa wazi huishi mpaka sekondari.

Kiwandani

Namna vitu hivi vinavyotengenezwa twaweza kuipitia kwa haraka, kwa kuwa jikoni mna mifano. Bomba la maji hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyolainishwa kwa moto kupitia tundu lenye umbo la bomba, kama tambi zinavyosukumwa katika kifaa chake. Ndoo hutengenezwa kwa kuidunga plastiki ya moto ndani ya kalibu, kuiacha ipoe na kuitoa. Tazama chini ya ndoo, katikati, na mara nyingi utaona kidoto mahali plastiki ilipoingilia. Watoto wapewe kazi ya kukitafuta nyumbani. Viriba na mifuko hutokana na bomba jembamba la plastiki laini linalopulizwa hewa likafura kama puto refu, kisha likapoa na kukunjwa.

Chupa ya maji inastahili dakika zaidi. Huanza kama kichupa kinene kifupi, ambacho hupashwa moto, kikavutwa kwa urefu na kupulizwa ndani ya kalibu. Minyororo hunyooshwa na kugandishwa ikiwa imenyooka, na hilo ndilo linaloupa ukuta mwembamba nguvu. Lakini minyororo haikusahau. Mwalimu akiweka chupa tupu ndani ya beseni na kuimiminia maji yanayochemka, chupa hujikunyata na kupotoka mbele ya macho ya darasa. Plastiki yake hulainika yapata nyuzi 70 za Sentigredi, na minyororo ikipata nafasi hurudi kujikunja. Aliyeliona jiwe likipanda ataweza kulieleza jambo hili bila kusaidiwa.

Kunyoosha minyororo kwa mkono nako kwawezekana. Kata ukanda wa kiriba, upana wa sentimeta 2, uvute polepole sana. Hutokea kiuno mahali pamoja, na kiuno hicho huenea kuelekea ncha mbili badala ya kukatika. Sehemu iliyovutwa sasa ni ngumu kuikata kwa kuvuta, lakini ukiichana kwa urefu wake huchanika kirahisi. Kamba za plastiki ziitwazo manila zina nguvu na hunyumbuka nyuzi nyuzi kwa sababu iyo hiyo.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya majina. Watoto wataiita mifuko yote nailoni, na mwalimu asiwacheke. Nailoni ni polima nyingine, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na kundi la Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont, na hutumika katika nyavu za kuvulia. Jina la mtaani lipokelewe, kisha jina la pili liongezwe kando yake.

Njia ya kuzipambanua plastiki ni maji. Kata kipande cha kifuniko cha chupa ya maji na kipande cha chupa yenyewe, uvizamishe vyote na kuvisugua ili mapovu ya hewa yatoke. Kifuniko huelea, chupa, yenye herufi PET chini yake, huzama. Sentimeta moja ya ujazo ya PET ina gramu 1.38 hivi, na ya polithini haifiki gramu 1. Viwanda vinavyoyeyusha plastiki kwa matumizi ya pili hutumia jaribio hili hili kuvitenga vipande vilivyosagwa.

Moto, jua na udongo

Mwalimu asichome plastiki darasani, hata kipande kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Bomba za PVC na maganda ya nyaya za umeme yana klorini, na yakiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu huwa asidi. Polithini haina klorini. Huungua kama mshumaa, na mwanafunzi aliyeiona ngazi yetu atajua kwa nini: ni pingili zile zile. Basi tusimwambie kwamba mama anayewashia mkaa kwa plastiki ni mjinga. Amechukua kitu kinachoshika moto kweli. Tumweleze kwamba plastiki anazookota mtoto si za aina moja, kwamba zina rangi na madawa mengine yaliyochanganywa kiwandani, na kwamba moto wa jikoni hauchomi minyororo hiyo barabara. Huikatakata vipande, na sehemu ya vipande hivyo huingia kifuani mwake yeye aliyeinama kupuliza. Kisha tumpe badala yake: maganda ya nazi, vijiti vikavu, mabua, karatasi, kwa kadiri ya mahali alipo.

Ngazi husomwa pia kuelekea chini. Ndoo iliyosahauliwa juani kwa miaka huwa chakavu, ikabonyezwa kidogo ikavunjika. Watoto walete kipande cha ndoo ya namna hiyo wakilinganishe na kipya. Mwanga wa jua, ukisaidiwa na hewa, umekata minyororo yake, na polithini imekaribia tabia ya mshumaa. Udongoni hakuna jua, na vijidudu vinavyokata wanga kwa siku chache, na pamba kwa miezi, havina karibu chombo chochote cha kukata mnyororo huu. Azikwe ganda la ndizi, kitambaa cha pamba na kipande cha kiriba nyuma ya darasa mwanzoni mwa muhula, vifukuliwe mwishoni. Ndipo swali la mifuko ya kubebea bidhaa litakapokuja lenyewe: kwa nini Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, huku viriba vya miche vikiruhusiwa? Mjadala huo ni mzuri, na si lazima mwalimu aufunge.

Muda na upimaji

Vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha kwa ngazi, bakuli na mpira. Chupa na maji ya kuelea vipewe kipindi cha tatu, na habari za moto zisiachiwe dakika tano za mwisho. Zana zikusanywe wiki moja kabla, wala zisinunuliwe isipokuwa rababendi na uzi.

Katika jaribio, usiulize "taja sifa nne za plastiki." Uliza: mshumaa na kiriba vimetengenezwa kwa atomi za aina moja, kwa nini kimoja huvunjika na kingine huvutika? Atakayeandika kwamba kiriba kina minyororo mirefu iliyotatizana apewe alama zote, hata kama amekosea tahajia ya polithini. Atakayeandika kwamba kiriba ni plastiki na plastiki haivunjiki, aitwe na kupewa ile ndoo ya juani aivunje kwa mkono wake, kisha aulizwe tena.